Somo la MB 450

Hii kazi ya kuweka kozi mtandaoni nilianza 2007, kipindi hicho chuo kizima tunagombania intaneti ya dishi la setilaiti, unafungua Moodle, ule mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, unaenda kunywa chai unarudi unakuta hata nembo haijatokea. Tuliipendea nini? Ni ya bure, Martin Dougiamas alitoa toleo la kwanza kule Australia 2002, na unaiweka kwenye sava yako mwenyewe bila kumlipa mtu.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukawashwa, intaneti ya kasi hiyo, sisi watu wa TEHAMA tukaona basi, kazi imeisha. Nikawapigia debe wakubwa mpaka wakanunua kamera, tukarekodi mihadhara, saa nzima nzima, mhadhiri kasimama anasoma slaidi. Nilijisikia kweli! Muhula ulipoisha nikafungua ripoti, wiki ya kwanza watu wamebonyeza, wiki ya nne kimya. Nikasema hawa wavivu tu.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anasoma huku anafundisha, akaniambia, "Mwanangu, somo lako limenimalizia bando la wiki na sijafika hata nusu."

Nikakaa nikapiga hesabu ambayo ilitakiwa niipige kabla ya kamera. Video ya Mbps 1, yaani megabiti moja kila sekunde, kwa saa moja ni sekunde 3600, gawa kwa nane maana biti nane ndo baiti moja, unapata MB 450. Sauti peke yake ukiibana mpaka kbps 32 (kilobiti 32 kila sekunde), ambayo kwa mtu anayeongea tu inatosha, saa hiyohiyo ni MB 14 na kidogo. Yaani hela ya video moja inabeba sauti za saa 31, na slaidi zenyewe si unazitoa PDF tu? Tukabadilisha, tukakata vipande vya dakika kumi kumi, simu za usiku za wanafunzi kulalamika zikapungua.

(Zile kozi za Flash, programu ya michoro inayosogea, tulizojivunia zilikufa zote Adobe walipoizima mwisho wa 2020. PDF za 2008 mpaka leo zinafunguka.)

Juzi kijana wetu mpya kaniletea maabara ya 3D, inazunguka, inameremeta, safi kabisa. Nikamuuliza ina MB ngapi, akasema ngoja nikacheki. Bado namsubiri.