Aleji ya mtoto na sufuria ya familia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtoto akitokwa na vipele baada ya kula, kila aliyepo ana jibu. Jirani atasema ni joto, shangazi atasema damu imechafuka, mwingine atanong'ona kuwa kuna jicho. Siku hizi limeongezeka jibu la nne: ana aleji. Matokeo yake mtoto mmoja ananyimwa vyakula kumi bila sababu, na mwingine ambaye kijiko cha karanga kinaweza kumuua anaambiwa anadeka. Wote wawili wanaumizwa na kitu kimoja: hakuna aliyekaa chini kutafuta ni chakula gani hasa.

"Hayo ni magonjwa ya Wazungu"

Ulaya na Marekani wanao wengi, ni kweli. Lakini Afrika Kusini watafiti waliwapima watoto wadogo wa asili zote jijini Cape Town kwa njia ya uhakika, yaani kumlisha mtoto chakula chenyewe kidogo kidogo mbele ya daktari, wakakuta asilimia 2.5 wana aleji ya chakula. Yai liliongoza. Kwenye vijiji vya Eastern Cape ilikuwa asilimia 0.5. Ndogo, lakini si sifuri, na watu wetu wanazidi kuhamia mjini.

"Akivimba baada ya samaki, basi samaki wanamkataa"

Huenda. Huenda pia samaki alikaa juani. Jodari, nguru na vibua wakikosa barafu, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama yao, na histamini ndiyo hiyo hiyo ambayo mwili huimwaga mtu akipata aleji. Uso unawaka, vipele vinatoka, kichwa kinagonga, tumbo linavuruga. Kukaanga hakuiondoi, hata samaki akikauka kama kuni. Swali la kuuliza ni rahisi: nani mwingine kala samaki yuleyule, na yeye yuko vipi? Kama nusu ya waliokaa kwenye sinia wanajikuna, mlaumu samaki.

Maziwa nayo yana mkanganyiko wake. Mtoto mkubwa anayejaa gesi na kuharisha akinywa maziwa freshi mara nyingi anashindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, jambo la kawaida sana kwa Waafrika, na mtindi huenda ukampita salama. Aleji inatokana na protini, na protini zile zimo kwenye mtindi na jibini vilevile. Wapo wanaokimbilia maziwa ya mbuzi wakidhani wamepata mwanya. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye aleji ya moja wanadhurika na ya pili.

Kipimo cha damu cha aleji nacho kisomwe kwa akili. Ghana walipatikana watoto wengi ambao damu yao ilionyesha kinga dhidi ya karanga, alama ambayo kipimo huichukulia kuwa aleji, ilhali karanga wanakula kila siku na hawana shida. Kichocho kilionekana kuhusika: mwili unapopambana na vimelea hivyo hutengeneza kinga inayoweza kushika na karanga kwenye kipimo. Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria au Pemba, hilo si jambo la mbali. Karatasi ya maabara yenye alama kumi nyekundu si orodha ya vyakula kumi vya kupiga marufuku. Historia ndiyo inayotangulia: alikula nini, dalili zilianza baada ya muda gani (aleji ya ghafla kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili), na je, ilijirudia alipokula tena?

"Muonjeshe kidogo kidogo, atazoea"

Hii ndiyo dhana ya bibi, na inatoka kwenye mapenzi. "Mwanangu, nyie wote niliwalea hapa na hakuna aliyechagua chakula." Basi mama akienda sokoni, mtoto anapewa nusu ya kashata ya karanga. Kuzoesha mwili kwa dozi ndogo kupo kweli, tena kunafanywa na madaktari bingwa: kipimo kinahesabiwa kwa miligramu, mtoto anaangaliwa baada ya kila hatua, na dawa ya dharura iko mezani. Kashata ya jikoni haina kipimo. Ambalo bibi anaweza kufarijiwa nalo ni kwamba watoto wengi wenye aleji ya maziwa au mayai huachana nayo wakikua. Ya karanga ni ngumu zaidi. Takriban mmoja kati ya watano ndiye anayepona. Lakini kujua kama amepona ni kazi ya hospitali.

"Uji wa lishe hauna neno, ni chakula cha watoto"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia nyingi zinapokwama bila kujua.

Soma mchanganyiko wa unga wa lishe unaouzwa mitaani. Mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga. Wengine wanatia ngano, wengine dagaa, na kila anayeongeza kitu anaamini amezidisha lishe. Soya, karanga, ngano na samaki ni makundi manne kati ya yale yanayoongoza duniani kwa kuleta aleji, na hapo yamesagwa pamoja, kwa mtoto ambaye huenda hajawahi kuonja hata kimoja peke yake. Akivimba midomo utamlaumu nani? Binafsi sioni faida ya nafaka nne kwenye kikombe kimoja. Nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha kuanzia, kingine kiongezwe baada ya siku kadhaa.

Kisha kuna mashine yenyewe. Aliyetangulia kasaga lishe yenye karanga, wewe unamwaga ulezi wako mtupu, na kilo ya kwanza inatoka na mabaki ya mwenzako. Fundi wa mashine hana kosa, hakuna anayemwambia. Kuwahi asubuhi kabla ya foleni na kuomba asafishe kunasaidia. Kwa mtoto mwenye aleji kali hakutoshi, afadhali usage nyumbani. Kinu kilichotwangiwa karanga miaka yote kisitumike, kwani mti hushika mafuta na unga kwenye nyufa zake, na maji hayafiki huko.

Kwa mantiki hiyohiyo, kuchambua karanga kwenye kisamvu hakumsaidii mtoto. Zimekwisha kuyeyuka kwenye rojo. Na viazi vilivyokaangwa kwenye karai la samaki vimeshabeba samaki. Moto hauui aleji ya karanga. Zilizokaangwa huwa kali kuliko za kuchemsha. Yai linabadilika zaidi kwa joto, na watoto wengi wanaodhurika na chipsi mayai wanaweza kula keki iliyoiva vizuri, ila hilo lijaribiwe kwa ushauri wa daktari, si kwenye birthday.

"Basi nyumba nzima iache" au "basi apikiwe chungu chake"

Mara nyingi si hili wala lile. Chakula chetu kingi kinaanza kikiwa salama: ugali, wali, ndizi, muhogo, viazi vitamu, maharage, choroko, mchicha. Kinachobadilisha mambo ni kiungo cha mwisho. Pika mchicha wote mtupu, mpakulie mtoto kwanza, funika sahani yake, ndipo utie karanga kwenye sufuria na uanze kutumia mwiko mwingine. Sinia la pamoja ndilo gumu zaidi, kwa sababu mikono inapita kote. Mtoto apewe sahani yake bila kuifanya iwe adhabu.

Karanga ni jamii ya kunde, lakini wengi wenye aleji ya karanga wanakula maharage bila tatizo, hivyo usiyafute kwa kubahatisha. Nazi nayo inaonewa. Marekani ilikuwa ikiiweka kundi moja na korosho na lozi, na ikaiondoa mwaka 2025. Aleji ya nazi ni nadra. Ila tui si mbadala wa maziwa ya ng'ombe, lina mafuta mengi lakini protini na kalisi kiduchu. Aliyeachishwa maziwa atafutiwe vitu hivyo kwingine: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, mayai kama anapatana nayo. Vyakula viwili vikuu vikiondolewa kwa pamoja, muone mtaalamu wa lishe kabla uzito haujaanza kushuka.

"Mpe maziwa, yanakata sumu"

Yakome. Maziwa hayakati aleji, na kama maziwa ndiyo yaliyomdhuru umemwongezea. Kumtapisha nako kunaweza kumpalia. Piriton na setirizini, vidonge na dawa za maji za aleji, zinatuliza vipele na muwasho, lakini hazifungui koo lililovimba wala hazipandishi presha iliyoshuka. Mtoto akikohoa mfululizo, akihema kwa mlio, sauti ikibadilika, akilegea, au akitapika huku vipele vimeenea mwilini, dawa ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja upande wa nje, haraka. Alazwe miguu ikiwa juu, anayehema kwa shida akae. Asisimamishwe wala kutembezwa. Hospitalini usikubali kuondoka mara tu anapopata nafuu, kwani dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Kalamu za adrenalini, yaani sindano zilizojazwa tayari za kujidunga mwenyewe, ni adimu kwetu, hivyo ujue mapema ni kituo gani cha karibu kinachofunguliwa usiku na kina dawa hiyo.

"Mcheleweshee karanga na mayai mpaka akue"

Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri hivyo mwaka 2000, wakaufuta ushauri huo mwaka 2008. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa London kwa watoto 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa. Walioanza kula karanga wakiwa wachanga walipata aleji kwa asilimia takriban 80 pungufu kuliko waliozuiwa hadi miaka mitano. Kwa hiyo maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, kisha yai lililoiva na karanga zilizosagwa laini ziingie mapema pamoja na vyakula vingine. Karanga nzima usimpe, zinapalia. Mwenye ukurutu mkali au aleji nyingine aonwe na daktari kwanza.

"Ana aleji ya mayai, asichanjwe surua"

Asiikose. Chanjo ya surua na rubella, ile ya miezi 9 na 18, ni salama kwa watoto wenye aleji ya mayai. Mweleze muuguzi, kisha mtoto achanjwe kama wenzake. Inayohitaji tahadhari ni ya homa ya manjano, ambayo hutengenezwa ndani ya mayai. Kama kuna safari inayoidai, daktari aulizwe mapema kabla ya tiketi.