"The" haingoji kutajwa mara ya pili

Wengi tulifundishwa kwamba katika Kiingereza kitu kikitajwa mara ya kwanza hupewa "a", na kikirudiwa ndipo hupewa "the". Kanuni hiyo ina ukweli, ila ni nusu tu. Kinachoamua ni kama msikilizaji anaweza kujua ni kipi kinachosemwa. Ndiyo maana jua huitwa "the sun" tangu mwanzo, na mtu husema "close the door" bila kuutaja mlango kabla. Majina ya mahali, kusema kweli, yana ukaidi wake: "the Nile", lakini "Lake Victoria". Hayo yatazame kwenye kamusi. Mengine, soma ukurasa wowote wa Kiingereza na kila penye "the" ujiulize: msomaji amekijuaje kitu hiki?