Moyo safi si moyo usiopitiwa na wazo baya

Jumapili ya meza ya Bwana ikikaribia, hodi mlangoni pangu huongezeka, na wengi wanaobisha wana neno lile lile: "Mchungaji, safari hii sishiriki. Moyo wangu si safi." Nikiuliza umefanya nini, naambiwa, "Sijafanya kitu, ila kuna mawazo yananijia." Nimelisikia neno hili hata nimechoka nalo. Linawaweka mbali na Kristo watu wanaompenda kweli, na mara nyingi ni wale wale walio wanyofu kuliko wenzao.

Dhana yenyewe ni kwamba mwenye moyo safi hajiwi na wazo baya. Ukijiwa na tamaa, chuki, shaka au tusi juu ya Mungu, basi ndani umeoza na umekosa kustahili.

Si kweli. Tuanze na Bwana mwenyewe. Kule nyikani Ibilisi alimwonyesha milki zote za ulimwengu akamtaka amsujudie. Neno lile lilimfikia, akalielewa, akalikataa. Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Nani atathubutu kusema moyo wa Yesu ulichafuka kwa sababu pendekezo la Ibilisi lilimfikia? Yakobo naye amepanga hatua vizuri katika sura ya kwanza: mtu huvutwa na kudanganywa na tamaa yake, halafu ile tamaa "ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi". Kati ya kuvutwa na kuzaa kuna nafasi, na Mkristo anapigana vita vyake katika nafasi hiyo.

Hapo huwa naletewa Marko 7, kwamba ndani ya moyo hutoka mawazo mabaya, nayo humtia mtu unajisi. Isome yote. Mawazo anayoyasema Bwana pale ni yale yanayoiva yakatoka nje kuwa uzinzi, wizi, hila, matukano na kiburi. Na Mathayo 5:28 haisemi kila aliyemwona mwanamke akavutiwa amezini. Inasema atazamaye kwa kumtamani, yaani aliyekaza jicho kwa makusudi, akaridhia, akaendelea. Dhambi hiyo ni kweli na iko moyoni. Lakini ina ridhaa ndani yake.

Wakristo wa kale walilijua hili kuliko sisi. Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399 baada ya kuishi miaka mingi na wamonaki wa jangwa la Misri, aliandika kwamba kama mawazo yatatusumbua au hayatatusumbua si juu yetu; kama yatakaa au hayatakaa, hilo ni juu yetu. John Cassian, aliyekaa na wamonaki wa Sketi huko huko Misri, alipeleka mafundisho yao Ulaya katika karne ya 5. Ametuhifadhia maneno ya Aba Musa, aliyefundisha kwamba moyo safi ndiyo shabaha ya maisha yote ya mmonaki, na kwamba akili ni kama kinu kinachozungushwa na maji. Mwenye kinu hawezi kukizuia kisizunguke maji yakija, ila ni yeye anayeamua kisage ngano au magugu. Huwa nawafundisha hili vijana wote wa kipaimara, na laiti lingefundishwa kila usharika.

Namkumbuka mama mmoja siku ya meza. Benchi lake zima lilisimama kwenda mbele, yeye akavuta miguu pembeni awapishe, kitabu cha nyimbo wazi mapajani, macho chini. Baadaye alinieleza kwa kunong'ona kwamba kila akipiga magoti mbele ya madhabahu linamjia tusi zito juu ya Kristo, tusi ambalo hajawahi kulitamka maishani mwake. Alikuwa amejitenga na meza miaka na miaka kwa ajili hiyo, na hakuna aliyemuuliza. Nilimwambia ninalomwambia kila mtu wa namna yake: unalia kwa sababu hulitaka. Moyo uliochafuka haulilii uchafu wake, unauzoea.

Andiko linalowafukuza watu hawa mezani ni 1 Wakorintho 11, kula "isivyostahili". Nawaomba wasome mstari wa 28: "mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate". Ajihoji, kisha ale. Paulo hakuandika ajihoji, kisha abaki kwenye benchi. Na kosa alilokuwa akilikemea liko mstari wa 21, wazi kabisa: huyu ana njaa, na huyu amelewa. Wenye navyo walikuwa wakila mbele ya wasio navyo. Hilo ndilo la kujihoji. Una ugomvi, umedhulumu, unaishi katika dhambi usiyotaka kuiacha? Nenda katengeneze kwanza. Lakini wazo lililokupitia ukalikataa halina toba ya kutubu, na kulitubia mara ishirini kwa siku kunalipa ukubwa lisiokuwa nao.

Martin Luther akiwa mmonaki kijana alikuwa akiungama saa nyingi mfululizo, akichimbua kila kona ya nafsi yake, na amani haikuja. Mlezi wake, Johann von Staupitz, alimwelekeza aache kujichungulia amtazame Kristo na majeraha yake. Ushauri wangu ni huo huo, na nina mstari mmoja ninaompa kila mtu, Zaburi 70:1: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Wamonaki aliowatembelea Cassian waliutumia kwa kila jambo, usiku na mchana. Useme mara moja, usibishane na lile wazo, kisha endelea na kazi uliyokuwa ukifanya. Kama ulikuwa unaosha vyombo, osha vyombo.

Na kama mawazo hayo yanakujia kila siku bila kukoma, yanakunyima usingizi, au yanakulazimisha kurudia sala ile ile mpaka "itoke sawa", huo unaweza kuwa ugonjwa, na una tiba. Njoo tuombe, kisha nenda kwa daktari wa afya ya akili. Muhimbili wapo. Anayekuambia kwenda huko ni kukosa imani anakuumiza.

Dhana ya pili ni kinyume cha hiyo: "Mungu anaangalia moyo," anasema aliyemtelekeza mke, au aliyekula fedha za kikundi. Maneno ya 1 Samweli 16:7 yalisemwa Samweli alipovutiwa na sura na kimo cha Eliabu, kaka mkubwa wa Daudi, akidhani ndiye mfalme aliyechaguliwa. Hayakusemwa kufunika matendo ya mtu yeyote. Zaburi 24 inataja mikono safi na moyo mweupe pamoja. Mikono ikiwa michafu, hatuna haja ya kujadili moyo.

Wengine hulipunguza jambo zima likawa la ngono tu, tena la wasichana tu. Rudi Marko 7 uone kijicho, hila na kiburi vimesimama mstari mmoja na uasherati. Nimeona wazee wa kanisa wakimtenga binti aliyepata mimba huku wao kwa wao hawasalimiani. Inanikera sana hii.

Wengine hujisifu, "Mimi nina moyo mweupe, nasema usoni." Kusema kila linalokujia ni kukosa kiasi. Waefeso 4:15 inataka kweli isemwe katika upendo, na Mithali 20:9 inauliza ni nani awezaye kusema, Nimesafisha moyo wangu. Ukijisikia unajisifia moyo mweupe, nyamaza kwanza.

Mwisho, mafuta na maji yanayouzwa kwamba yanasafisha moyo. Daudi, baada ya kuzini na Bathsheba, hakutafuta kitu cha kujipaka. Aliomba, "Ee Mungu, uniumbie moyo safi." Na Petro, akiwaeleza wenzake kule Yerusalemu jinsi Mataifa walivyopokelewa, alisema Mungu aliisafisha mioyo yao kwa imani (Matendo 15:9). Hakuna aliyelipa. Ukishaombwa fedha kwa ajili ya chupa, ondoka, na uliyemleta ondoka naye.