Tarehe 20 Julai katika historia ya chesi: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila mwaka tarehe 20 Julai inapokaribia, vilabu vya chesi katika shule za Kisumu, Kakamega na Nakuru hujiandaa kuadhimisha Siku ya Chesi Duniani, na pamoja na maandalizi hayo hurudi maelezo yale yale ambayo wanafunzi huyapokea bila kuuliza yametoka wapi. Tarehe yenyewe haina shaka. Jumapili ya 20 Julai 1924, jijini Paris, wajumbe 15 walitia sahihi hati ya kuanzisha shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIDE. Kilichozaliwa siku hiyo ni chama, na mengine mengi yanayotajwa pamoja nayo yalikuja kabla au baadaye sana.

Wapo wanaosema kwamba hiyo ndiyo siku mchezo ulipozaliwa, na kwamba kwa kuwa ulizaliwa Paris, basi ni mchezo wa Wazungu. Kauli ya namna hii husikika hata kwenye steji za bodaboda mjini Kisumu, ambako drafti huchezwa kwa vizibo vya soda, upande mmoja umevilaza chali na mwingine umevifudikiza, huku chesi ikiachiwa “watu waliosoma”. Ukweli ni kwamba chesi ilianzia India takriban karne ya 6, ikapita Uajemi, kisha ikaenea katika nchi za Kiislamu. Mapema katika karne ya 10 bingwa aliyetamba katika kasri la makhalifa huko Baghdad alikuwa as-Suli, mtu wa vitabu na mashairi. Ulaya iliupokea mchezo kutoka mikononi mwa Waarabu. Mchango wake mkubwa ulikuja mwishoni mwa karne ya 15, pale malkia, kete ambayo hapo awali ilisogea mshazari nyumba moja tu, alipopewa nguvu alizo nazo leo.

Umoja wa Mataifa nao husifiwa kwa kubuni siku hii. Uliitambua rasmi tarehe 12 Desemba 2019, ilhali wachezaji walikuwa wakiiadhimisha tangu 1966.

Dhana iliyokita mizizi zaidi, nayo hurudiwa hata na wachezaji wazuri, ni kwamba tangu 1924 FIDE ndiyo iliyoamua nani awe bingwa wa dunia. Kwa zaidi ya miaka 20 haikuwa na sauti yoyote katika jambo hilo. Taji lilikuwa mali ya aliyelishika: bingwa ndiye aliyemchagua mpinzani, akataja masharti, akataja na fedha. José Raúl Capablanca wa Cuba alipokuwa bingwa, masharti yaliyokubaliwa London mwaka 1922 yalimtaka mpinzani atafute dola 10,000 kabla ya kete kuguswa, kiasi ambacho wengi wa wachezaji hodari wa wakati huo hawakuweza hata kukiota. Alexander Alekhine, mchezaji mzaliwa wa Urusi, alizipata, na mwaka 1927 wakakutana Buenos Aires kwa michezo 34, ambapo 25 iliisha sare. Mchezo wa mwisho ulipoahirishwa Capablanca hakurudi ukumbini kuumalizia. Alimpelekea Alekhine barua fupi kwa Kifaransa akikubali kushindwa. Baada ya hapo alitafuta mechi ya marudiano kwa miaka mingi asiipate, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumlazimisha bingwa kucheza. Alekhine alifariki Estoril, Ureno, tarehe 24 Machi 1946, taji likiwa mikononi mwake, na ni kifo hicho kilichoipa FIDE nafasi. Iliandaa mashindano ya wachezaji watano mwaka 1948 huko The Hague na Moscow, naye Mikhail Botvinnik akashinda.

Kwa wanawake mambo yalikwenda kasi zaidi, jambo ambalo wanaodhani kwamba walikaribishwa juzi tu hawalijui. FIDE iliandaa ubingwa wao wa kwanza London mwaka 1927, na Vera Menchik akapata pointi 10.5 katika michezo 11. Miaka miwili baadaye alialikwa kwenye mashindano ya Carlsbad kucheza na wanaume. Albert Becker, mmoja wa wanaume hao, kwa kejeli, akapendekeza kwamba yeyote atakayeshindwa naye aingizwe katika “Klabu ya Vera Menchik”. Mwanachama wa kwanza akawa Becker mwenyewe, na Max Euwe, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia, alijiunga naye. Kwa maoni yangu, Menchik anastahili kutajwa tarehe 20 Julai kuliko wengi wa waliotia sahihi ile hati.

Cheo cha grandimasta, kilicho cha juu kabisa kwa mchezaji wa chesi, nacho kimezungukwa na ngano. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Urusi aliwapa wachezaji watano cheo hicho St. Petersburg mwaka 1914, lakini hakuna ushahidi madhubuti. FIDE ilianza kukitoa rasmi mwaka 1950, kwa wachezaji 27. Huku kwetu magharibi, jirani na Uganda, wapo wanaomwita Phiona Mutesi, mchezaji wa huko Uganda, grandimasta kwa sababu ya filamu iliyomhusu. Cheo alichopata kwenye Olimpiadi ya Chesi ya Istanbul mwaka 2012 ni WCM (Woman Candidate Master), ngazi ya kwanza ya vyeo vya wanawake. Grandimasta wa kwanza wa Afrika ni Slim Bouaziz wa Tunisia, mwaka 1993, na wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara ni Amon Simutowe wa Zambia. Mtu hahitimu kwa kushinda shindano moja la taifa. Sharti afikishe alama 2500 za kupima uwezo wa mchezaji (rating), tena kwa kawaida apate matokeo ya kiwango hicho mara tatu katika mashindano yenye magrandimasta na wachezaji wa mataifa mengine, ambayo kwa mchezaji wa Kisumu au Eldoret maana yake ni nauli ya ndege kabla ya kufikiria hatua ya kwanza ya kete yake ya askari.