Nyumba za kale za Brighton na Hove: kibali kwanza, fundi baadaye

Tangu tarehe 25 Julai 2024, halmashauri za England zina uwezo wa kusimamisha papo hapo kazi inayofanywa bila kibali kwenye jengo lililoorodheshwa, yaani lililo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria yanayolindwa kisheria. Notisi inabandikwa, fundi anaweka nyundo chini, na kazi inalala hadi siku 56 wakati maofisa wakichunguza. Kuipuuza notisi hiyo ni kosa la jinai. Zamani sisi wa halmashauri tulilazimika kukimbilia mahakamani kuomba zuio, au kutoa notisi ya kawaida ambayo haianzi kufanya kazi siku hiyo hiyo, na mara nyingi tulipofika dari lenye nakshi la miaka 190 lilikuwa limeshatupwa kwenye kontena la taka. Sheria hiyo ni ya England yenyewe. Scotland na Wales wana taratibu zao.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wasemaji wa lugha hii wapo kati ya wanaonunua fleti kwenye nyumba hizi, wanaozipanga, na hasa mafundi wanaozikarabati. Wengi wana nia njema kabisa. Lakini nia njema hairudishi dirisha lililokwisha kung'olewa.

Brighton, kwenye pwani ya kusini ya England, ilikuwa kijiji cha wavuvi. Daktari Richard Russell alipoandika mwaka 1750 kwamba maji ya bahari yanatibu, matajiri wakaanza kushuka pwani, na mwaka 1783 akaja mtoto wa mfalme, George, ambaye hatimaye alimpa John Nash kazi ya kuligeuza jumba lake kuwa Royal Pavilion, lenye kuba na minara ya kuigiza India. Kazi hiyo ilianza 1815. Malkia Victoria hakulipenda. Mwaka 1850 mji ukalinunua kwa pauni 53,000. Kila mtu anajua kwamba Royal Pavilion haliguswi. Tatizo letu si Royal Pavilion. Tatizo letu ni zile safu ndefu za nyumba nyeupe zilizojengwa miaka ya 1820 pande zote mbili za mji: Sussex Square na Lewes Crescent alizozianzisha Thomas Read Kemp upande wa mashariki, na Brunswick Square aliyoichora Charles Busby upande wa Hove. Leo nyingi zimegawanywa fleti, na mwenye fleti ya ghorofa ya tatu hudhani yeye hahusiki.

Anahusika. Ulinzi unashika jengo zima, nje na ndani: ngazi, milango, mbao za sakafu, meko ya ukutani, nakshi za dari, hata ukuta wa uani na vibanda vilivyokuwepo kabla ya tarehe 1 Julai 1948. Sijui ni nani aliyeanzisha habari kwamba "wanalinda uso wa mbele tu", lakini tunaisikia karibu kila wiki, na huwa inasemwa kwa uhakika na mtu ambaye tayari ameshabomoa ukuta wa jikoni. Habari nyingine ni ya daraja (majengo ya orodha hupangwa daraja la I, la II lenye nyota, na la II): kwamba daraja la II ni la chini, kwa hiyo halina nguvu. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo yote yaliyoorodheshwa England ni ya daraja la II, na kosa ni lile lile, adhabu ni ile ile. Na kile kibao cha bluu kinachosema fulani aliishi hapa hakileti ulinzi wowote, wala kukosekana kwake hakuuondoi. Orodha rasmi ya taifa inatunzwa na Historic England, shirika la umma la urithi wa kihistoria, iko kwenye intaneti, na kuitafuta humo anwani yako hakukugharimu kitu.

Sasa niseme habari ya kuta, kwa sababu hapo ndipo madhara makubwa yanapofanyika kimyakimya. Nyumba nyingi za enzi hizo hapa hazikujengwa kwa matofali mazuri. Nyuma ya plasta laini iliyochorwa mistari ili ionekane kama mawe ya kuchonga, kuna kitu wenyeji wanakiita bungaroosh: mawe ya gumegume, vipande vya matofali, kokoto za ufukweni, mchanga, na wakati mwingine hata vipande vya mbao, vyote vikimiminwa kwenye fomu ya mbao pamoja na chokaa. Kuna mzaha wa zamani kwamba mtu mwenye mpira wa maji anaweza kuubomoa mji huu wote. Ukuta wa namna hii unaishi kwa kupumua. Unyevu unaingia, unyevu unatoka kupitia kwenye chokaa. Anayetoka Lamu, Unguja au Mombasa ya Kale anaujua mchezo huu tangu utotoni: ukuta wa mawe na chokaa ukiupaka saruji, chumvi na maji vinabaki ndani. Hapa ni vivyo hivyo. Plasta ya saruji inapendeza kwa misimu miwili, kisha inaanza nyufa nyembamba chini ya dirisha, mvua ya kusini-magharibi inapenya, na kwa kuwa haina pa kutokea inazifuata ncha za boriti za sakafu zilizozama ukutani. Ukigonga plasta kwa vifundo vya vidole inalia kama kitu kilicho kitupu ndani. Ukiibandua, mbao nyuma yake inachomeka kwa bisibisi kama keki. Fundi aliyepaka saruji hiyo huwa hapatikani tena kwenye simu.

Kwa hiyo, je, huruhusiwi kufanya lolote? Hilo nalo si kweli. Matengenezo ya kawaida, kitu kwa kitu, mbao kwa mbao, chokaa kwa chokaa, kwa kawaida hayahitaji kibali. Kubadilisha kamba iliyokatika kwenye dirisha la mbao la kupandisha na kushusha ni matengenezo. Kuling'oa na kuweka la plastiki ni kubadilisha jengo. Pana hata mahali ambapo sheria inakulazimisha ufanye kazi: Sheria ya Hove ya 1976 inawataka wamiliki kwenye Brunswick Square na maeneo jirani wapake uso wa nyumba rangi ya krimu kila baada ya miaka 5. Wapo wanaolalamika kwamba rangi hiyo inachosha. Lakini mwaka 1945 mipango ya wakati huo ilikuwa kuzibomoa nyumba hizo, na jumuiya ya Regency Society iliundwa mwaka huo huo kuupinga mpango huo. Mimi naona krimu si bei kubwa.

Utaratibu wa kibali ni huu. Unaomba kwa halmashauri, kwa kawaida kupitia tovuti ya Planning Portal. Ombi la kibali cha jengo lililoorodheshwa halina ada, jambo ambalo watu hawaliamini hata tukiwaambia mara mbili. Kinacholipiwa ni kibali cha ujenzi cha kawaida pale kinapohitajika pia, na mara nyingi ushauri wa awali. Unaambatanisha michoro kwa vipimo, ya hali ilivyo na ya unavyotaka iwe, picha, na maelezo yanayoeleza umuhimu wa kihistoria wa sehemu unayoigusa. "Nyumba ni ya zamani na nzuri" si maelezo. Ombi likikamilika, notisi inatolewa kwa umma kwa siku 21, na uamuzi unatarajiwa ndani ya wiki 8. Saa ya wiki 8 haianzi siku uliyotuma, inaanza siku ombi lilipokubaliwa kuwa limekamilika. Mchoro mmoja ukikosa vipimo, haijaanza. Ukikataliwa una miezi 6 ya kukata rufaa. Ukikubaliwa, kwa kawaida una miaka 3 ya kuanza kazi, na masharti yaliyoandikwa kwenye kibali ni sehemu ya kibali. Mwenye fleti aangalie pia mkataba wake wa upangaji wa muda mrefu, maana ruhusa yetu haiondoi haja ya ruhusa ya mwenye jengo.

Kufanya kazi bila kibali ni kosa chini ya sheria ya majengo yaliyoorodheshwa ya 1990. Mahakama ya mahakimu inaweza kutoa kifungo, Mahakama ya Crown, iliyo juu yake, kifungo cha hadi miaka 2, na faini haina kikomo. Mahakama huangalia pia faida aliyoipata mtu kutokana na kazi ile. Anashtakiwa aliyefanya na aliyefanyisha, kwa hiyo fundi asijifiche nyuma ya tajiri wake, wala tajiri nyuma ya fundi. Kutojua kwamba jengo limeorodheshwa si utetezi. Utetezi upo mmoja mwembamba: kazi ilikuwa ya dharura kwa usalama, afya au kulinusuru jengo, kuliegemeza kwa muda kusingetosha, ilifanywa kwa kiasi cha chini kabisa, na halmashauri ilijulishwa kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Kibali cha baadaye kinaweza kuihalalisha kazi kuanzia siku kinapotolewa, lakini hakilifuti kosa la nyuma. Na notisi ya kurudisha jengo katika hali yake haina ukomo wa miaka: inaweza kumkuta mnunuzi wa nne kwa dirisha alilolibadilisha mmiliki wa kwanza.

Swali tunaloulizwa kwa hasira ni hili: mbona Madeira Terrace, safu ya matao ya ufukweni ya halmashauri yenyewe, ilifungwa mwaka 2012 kwa kutu? Ni swali halali. Matao yale 151 ya chuma cha kusubu, yaliyojengwa miaka ya 1890, yaliliwa na upepo wa chumvi, na mwaka 2020 yalipandishwa hadi daraja la II lenye nyota yakiwa bado yamefungwa. Ukarabati wa matao 28 ya kwanza ulianza mwishoni mwa 2024. West Pier, gati la Eugenius Birch lililofunguliwa 1866, halikubahatika hivyo: lilifungwa 1975, likaporomoka sehemu 2002, likaungua mara mbili 2003, na mifupa yake ingali majini. Kuchelewa huko hakumpi mtu ruhusa ya kung'oa meko yake, ingawa naelewa kwa nini hoja hiyo inasemwa.

Anayetaka kununua amwambie wakili wake aombe karatasi ya kibali kwa kila badiliko analoliona: jiko lililohamishwa, ukuta uliotoweka, bafu chini ya ngazi. Muuzaji akisema "lilikuwepo nilipokuja", mwache aandike hivyo na utuulize kabla ya kusaini. Anayetuma swali kuhusu dirisha alipige picha kutoka ndani na kutoka nje, likiwa limefungwa na likiwa wazi, na moja ya karibu kwenye kiungo cha chini cha fremu, mahali uozo unapoanzia.