Je, wajua? Hitler alipewa kadi namba 555 katika chama chenye watu wasiofika 200

Mwanzoni mwa 1920, chama kimoja kidogo cha mjini Munich, kusini mwa Ujerumani, kiliandaa daftari la wanachama wake. Kiliitwa Chama cha Wafanyakazi wa Ujerumani, na ndicho ambacho muda si mrefu kilibadili jina kikawa chama cha Nazi. Katika daftari hilo Adolf Hitler yuko namba 555. Ukilipitia haraka utadhani walimtangulia watu 554, lakini Januari mwaka huo chama kizima kilikuwa na wanachama wapatao 190. Waliamua tu kuanza kuhesabu kutoka 501, ili mgeni akiiona kadi ajue, au tuseme adhani, kwamba amekutana na chama cha watu wengi.

Hata ukiondoa hizo 500 za bure, 55 inayobaki haina maana kwamba Hitler alikuwa mtu wa 55 kujiunga. Majina yalipangwa kwa alfabeti. Anton Drexler, mwasisi mwenyewe, yuko namba 526, nyuma ya watu kadhaa ambao kosa lake pekee mbele yao ni jina kuanza na D.

Hitler naye hakuipenda namba yake, ila kwa sababu tofauti. Alipokuwa maarufu alisimulia kwamba alikuwa mwanachama wa saba. Alichokuwa nacho ni kiti cha saba katika kamati ya uongozi, aliyoingizwa ili ashughulikie mikutano na matangazo. Drexler alikerwa na simulizi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1940 aliandika rasimu ya barua kwa Hitler, akimkumbusha kwamba hakuwahi kuwa mwanachama wa saba na kwamba kadi yake ilikuwa imechezewa, 555 ikafutwa ikawekwa 7. Barua hiyo hakuituma, na ukikumbuka mpokeaji alikuwa nani mwaka huo, uamuzi huo unaeleweka.

Kwa hiyo tuna uongo wa aina mbili kuhusu jambo moja. Chama kilijiongeza ili kionekane kimeshiba. Hitler alikipunguza ili ionekane alikuta vumbi akajenga ghorofa. Ni huu uongo wa pili uliodumu, na ndio unaolisha dhana ambayo bado inatembea madarasani na mitandaoni, kwamba Hitler ndiye aliyekianzisha chama cha Nazi. Sivyo. Chama kilizaliwa tarehe 5 Januari 1919, Hitler akiwa bado askari jeshini. Waanzilishi walikuwa Drexler, fundi katika karakana za reli, na Karl Harrer, mwandishi wa habari za michezo aliyetoka katika Jumuiya ya Thule, kundi la siri la watu wa mrengo mkali wa kulia. Chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwemo humo tangu siku ya kwanza, na hasira za kushindwa Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwemo pia. Munich ya wakati ule ilikuwa na vikundi vingi vya namna hii, vikinong'ona mambo yaleyale katika vyumba vya nyuma vya vilabu vya bia.

Sasa Hitler alifikaje hapo? Alitumwa, na aliyemtuma ni jeshi.

Kwa kifupi: Novemba 1918 Ujerumani ilishindwa, na mfalme wa Bavaria, jimbo ambalo Munich ni mji wake mkuu, akakimbia. Kurt Eisner, msoshalisti aliyeshika serikali ya jimbo hilo, aliuawa kwa risasi barabarani tarehe 21 Februari 1919. Aprili ikatangazwa jamhuri ya mabaraza kwa mfano wa Urusi, na mwanzoni mwa Mei ikazimwa kwa damu nyingi. Jeshi lililorudi kushika mji lilikuwa na hofu moja kubwa, kwamba askari wake wameambukizwa siasa za kushoto. Kapteni Karl Mayr akapewa kazi ya kuwasafisha vichwa. Aliwapeleka baadhi yao kozi za siasa, akawageuza wahubiri wa kambini, na wengine akawatumia kuchungulia vyama vya mjini. Koplo Hitler alikuwa mmoja wao.

Jioni ya tarehe 12 Septemba 1919 aliingia katika klabu ya Sterneckerbräu. Waliohudhuria walikuwa 41. Gottfried Feder alitoa mada ya uchumi, na Hitler alikuwa karibu kuondoka pale mtu mmoja aliposimama kutetea wazo la Bavaria kujitenga na Ujerumani. Hitler akamjibu kwa ukali mpaka akamnyamazisha. Drexler aliona papo hapo kwamba mdomo ule ungefaa chama, akampa kijitabu chake na kumkaribisha tena. Hitler akajiunga, na akaendelea kulipwa mshahara wa jeshi hadi tarehe 31 Machi 1920. Kwa miezi zaidi ya sita, mhubiri mkuu wa chama kichanga alikuwa analishwa na kambi. (Mayr, kwa taarifa yako, baadaye aligeuka akajiunga na wasoshalisti wa kidemokrasia, akawa adui wa Wanazi, na alifia katika kambi ya mateso ya Buchenwald Februari 1945.)

Lakini mshahara wa koplo hauendeshi chama. Hapa ndipo penye utaratibu unaostahili kutazamwa polepole.

Mama ntilie anayeanza na sufuria moja hakopi benki. Pesa ya sahani za leo ndiyo unga na maharage ya kesho. Zikibaki kidogo ananunua sufuria ya pili, anaongeza benchi, na wateja wakijaa kwenye benchi wapita njia nao wanasimama kuangalia kuna nini. Chama hiki kilizungusha mtaji kwa namna hiyohiyo, bidhaa yake ikiwa mkutano. Kwa hesabu ya Hitler mwenyewe, alikuta hazina ina mark 7 na pfennig 50 (mark ilikuwa sarafu ya Ujerumani, na pfennig senti zake). Tarehe 16 Oktoba 1919 waliweka tangazo gazetini na kukodi chumba katika klabu ya bia ya Hofbräukeller. Wakaja watu 111, na michango ikafika mark 300. Namba hizi zichukue kwa tahadhari, kwa kuwa tumeshaona alivyopenda kukuta umaskini. Mwelekeo wake, hata hivyo, ni wa kweli: kiingilio na michango ya mkutano mmoja ililipa mabango na ukumbi wa mkutano uliofuata, na ukumbi mkubwa zaidi ulileta kiingilio kikubwa zaidi.

Harrer alitaka chama kibaki kikundi cha faragha. Mduara huu ulimtupa nje, na alijiuzulu Januari 1920. Tarehe 24 Februari walithubutu kuchukua ukumbi mkubwa wa klabu nyingine ya bia, Hofbräuhaus, na walikuja watu karibu 2,000, wakiwemo wapinzani waliokuja kuzomea. Jina lililotangazwa kama kivutio halikuwa la Hitler bali la daktari mmoja, Johannes Dingfelder. Hitler alisimama baada yake, akasoma hoja 25 za chama huku vurugu zikiendelea mezani.

Vurugu zenyewe zilikuwa sehemu ya biashara. Mabango yalichapishwa kwa rangi nyekundu makusudi, rangi ya wasoshalisti, ili wakasirike na waje. Yaliandika pia kwamba Wayahudi hawaruhusiwi kuingia. Wasoshalisti wakija panakuwa na ugomvi, na ugomvi kesho unaandikwa na magazeti. Kabla mwaka haujaisha Hitler alikuwa amehutubia mikutano zaidi ya 30, na wanachama wamefika kama 2,000. Tarehe 3 Februari 1921 walikodi ukumbi wa sarakasi wa Krone kwa taarifa fupi mno, wakazungusha malori yenye bendera yakimwaga vipeperushi mitaani, na watu zaidi ya 6,000 wakalipa kuingia.

Mduara huo haukutosha kwa kila kitu. Gazeti la Völkischer Beobachter lililonunuliwa Desemba 1920 liligharimu mark 120,000, na nusu yake ilitoka katika fedha zilizokuwa mikononi mwa kamanda wa jeshi Franz Ritter von Epp, mtu aliyewahi kupigana na Waherero huko Namibia. Kuna ofisa mwingine wa kikoloni ambaye Tanzania inamjua zaidi, Paul von Lettow-Vorbeck. Baada ya vita vya Afrika Mashariki alirudi kwao, na Machi 1920 akaunga mkono jaribio la mapinduzi la Wolfgang Kapp dhidi ya serikali ya Berlin, jambo lililomtoa jeshini. Jaribio lilianguka Berlin ndani ya siku chache, ila Munich wanajeshi walitumia fursa hiyo kuiondoa serikali ya wasoshalisti na kumweka Gustav von Kahr wa mrengo wa kulia. Kuanzia hapo makundi ya siasa kali yalikuwa na mji wa kujificha, wenye polisi wa kuangalia pembeni.

Julai 1921, viongozi walipofikiria kuungana na chama kingine, Hitler alijiuzulu kwa hasira. Walijua mteja wa mikutano anamfuata nani. Wakamrudisha kwa masharti yake, akawa mwenyekiti mwenye mamlaka yote, na Drexler akasogezwa kwenye kiti cha heshima.

Hapa wengi huuliza, na ule mfumuko mkubwa wa bei wa Ujerumani wa 1923 je? Ile picha ya mwanamke anayechochea jiko kwa noti? Ulisaidia, lakini si kwa namna inayosimuliwa. Kweli, wanachama walipanda kutoka kama 20,000 mwishoni mwa 1922 hadi kama 55,000 Novemba 1923, mwezi ambao dola 1 ilifika mark trilioni 4.2. Tatizo ni kwamba mwaka huohuo Ufaransa na Ubelgiji ziliteka eneo la viwanda la Ruhr, na hasira hizo mbili ni vigumu kuzitenganisha. Mapinduzi ya Hitler ya tarehe 8 na 9 Novemba 1923 yakashindwa, akafungwa, sarafu mpya ikatulia, na chama kikasinyaa. Katika uchaguzi wa Mei 1928 kilipata asilimia 2.6 ya kura.

Kilichokiinua hadi asilimia 18.3 Septemba 1930, na 37 Julai 1932, hakikuwa bei kupanda. Wakati huo bei zilikuwa zinashuka, na mwanzoni mwa 1932 Wajerumani milioni 6 hawakuwa na kazi. Noti za trilioni zilikuwa zimeshaacha kutumika miaka minane nyuma.