Ushuhuda wa uponyaji maana yake nini?

Ushuhuda wa uponyaji ni simulizi anayoitoa mtu mbele ya waumini: niliumwa, nikaombewa, nikapona. Pita Mwanjelwa, Mbeya, Jumapili asubuhi spika za makanisa zikipokezana, hutaukosa. Mtiririko wake haubadiliki sana. Ugonjwa ulivyoanza, hospitali zilizozungukwa, pesa zilivyoisha, kisha siku ya maombi. Hospitali humo huwa ni mahali aliposhindikana.

Ugumu uko kwenye neno kupona. Aliyetoka mzima kwenye ajali ya mteremko wa Iwambi tunasema amepona, hata kama hakuchubuka. Homa ikishuka, amepona. Aliyeondokewa na hofu naye husema hivyo hivyo, na hadanganyi. Daktari anauliza jambo finyu zaidi: kilicholeta ugonjwa bado kimo mwilini?

VVU ndivyo vinavyoonyesha tofauti hiyo vizuri, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini si habari ya mbali: utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe na 11.3 Iringa, juu kuliko mikoa mingine yote ya bara. Dawa za ARV hufubaza virusi visizaliane. Vikipungua sana, kipimo cha wingi wa virusi hakivioni tena. Lakini vingine vimejificha ndani ya seli, na mtu akiacha dawa virusi hivyo huamka, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kliniki wanamwambia mgonjwa "virusi havionekani". Neno hilo likifika madhabahuni linakuwa "havipo". Hakuna aliyekusudia uongo. (Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, si virusi vyenyewe, ndiyo maana kwa kawaida huendelea kusoma chanya.)

Kifua kikuu nacho kina mtego wake. Kikohozi hupungua wiki za mwanzo, ilhali dozi ya kawaida ni miezi 6. Na yako maradhi yanayokuja na kuondoka yenyewe, kama mgongo na pumu. Ukiombewa siku yalipobana sana, kesho nafuu ingeweza kuja hata bila maombi.

Wanaodhani kanisa na hospitali ni maadui hawajatembea nyanda hizi. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao ndilo lenye hospitali za Isoko na Mbozi. Ilembula ni ya Walutheri. Katika hospitali za namna hiyo mgonjwa huombewa asubuhi, kisha anameza vidonge vyake, wala hakuna anayeshangaa. Hata wale wakoma kumi wa Luka 17 waliagizwa wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokagua ngozi.

Kwa hiyo mimi nikisikia ushuhuda sibishani na maombi. Nauliza ugonjwa ulipimwa wapi, kwa kipimo gani, na kama dawa bado zinamezwa. Siku hizi wapo wanaopanda jukwaani na karatasi ya vipimo mkononi, jambo jema. Ila nyingi nilizosikia zikisomwa ni za baada ya maombi. Ya kabla huwa imebaki nyumbani.